Verlene na Farasi Aliyelizoea Gari Lake

Watu wa Cobre Flat hawashtuki upesi. Tulishawahi kuamka asubuhi tukakuta mgodi umefungwa bila hata kuagwa, tumeonja mvua ya mawe katikati ya Julai, na mwaka mmoja mhubiri wetu alitoroka na mwalimu wa kwaya, Jumapili yake tukala kondoo wa kuchoma kama kawaida. Lakini mimi, Mingo Arrizabal, mtoto wa wafuga kondoo, mwenye miaka sitini na tisa na moyo mgumu kama kisigino, nilishtuka mara mbili katika wiki moja ya Agosti. Mara zote mbili chanzo kilikuwa shemeji yangu Verlene na gari lake, na mpaka leo sijatulia.

Verlene ni mjane wa kaka yangu Fermín. Aliendesha basi la shule miaka ishirini na sita katika barabara hizi za Nevada, ambazo unaweza kwenda saa nzima usipishane na gari hata moja. Watoto aliowabeba sasa wana vitambi na wajukuu, na wote watakuambia kwamba hawakuwahi kumsikia akipaza sauti. Wakifanya fujo, alikuwa anasimamisha basi kando ya njia, anazima injini, anangoja. Hasemi neno. Waliuogopa ule ukimya kuliko kiboko.

Fermín alipofariki nilihofia kwamba Verlene atajifungia ndani akauke. Badala yake alinunua kamera kuukuu kwa mpiga picha za harusi aliyekuwa anahama mji, ina lenzi ndefu kama mkono wangu, akaanza kwenda jangwani kupiga picha farasi pori.

Niseme ukweli, nilikasirika. Kwa mfugaji, farasi pori ni mgeni asiyealikwa, anakula majani ya mifugo yako na kunywa maji uliyochimba kwa jasho lako.

"Shemeji," nilimwambia, "mume wako alimaliza ujana wake akiwafukuza hao kwenye visima vya kondoo. Leo wewe unakwenda kuwapiga picha za pasipoti?"

"Wana sura nzuri kuliko za ukoo wenu," alinijibu. "Na hakuna aliyeniuliza chakula kiko wapi."

Alikuwa na pikapu ya rangi ya chungwa, kubwa, ya zamani, unaweza kuiona kutoka mlima wa pili. Alikuwa anaiendesha maili arobaini za vumbi mpaka bonde la chumvi, anaisimamisha mbali, anashuka polepole kwa ajili ya nyonga yake mbovu, anaweka kiti cha kukunja, anakaa. Kisha anangoja. Yeye hawafuati farasi. Alisema anayemfuata farasi atarudi nyumbani na picha za makalio. Ukikaa kimya, wao wenyewe watakuja kuona wewe ni mnyama gani.

Basi akawajua. Farasi pori hawatembei ovyo, wanaishi kifamilia, dume mmoja na majike wake na watoto. Verlene alikuwa na masanduku ya picha, kila familia na sanduku lake: huyu ana kovu begani, huyu soksi nyeupe mguu wa nyuma, huyu alimzaa yule mwaka wa theluji nyingi. Aliwapa majina kama wapiga picha wote wa huku wanavyofanya. Kipenzi chake alikuwa dume mmoja mweusi tii mwenye mstari mweupe shingoni kama kola ya kanisani. Akamwita Shemasi. Jike wake mkubwa, mwekundu, mkali wa mateke, alimwita Tangawizi.

Huyu Shemasi alikuwa na sifa yake. Mara mbili ofisi inayosimamia ardhi ya serikali ilileta helikopta kuwapunguza farasi wa bonde lile, na mara mbili Shemasi aliwakwepa. Kulikuwa na pengo katika miamba upande wa kaskazini, na nyuma yake korongo lililojaa miti ambamo helikopta haiwezi kushuka. Alikuwa anaipeleka familia yake yote pale kama maji yanavyoingia kwenye tundu. Hata sisi tusiopenda farasi tulicheka baa nzima tuliposikia.

Sasa nifike kwenye kosa, maana kosa lilikuwa langu.

Ulikuja mwaka wa ukame. Chemchemi za bonde zikawa tope, kisha tope likapasuka. Verlene alikuja nyumbani kwangu na picha, akazipanga mezani. Zilikuwa mbavu tupu. Mtoto wa Tangawizi alikuwa amesimama miguu imeachana kama meza inayotaka kuvunjika.

"Kwani maji yana dhambi gani?" nilimuuliza. "Nina tangi la galoni mia mbili limelala nyuma ya banda."

"Haturuhusiwi," alisema. Wapiga picha wana sheria zao, na yeye alizishika kama amri kumi: usimlishe, usimnyweshe, usimguse, usimkaribie chini ya hatua arobaini. "Farasi pori akikuzoea, Mingo, umeshamharibu."

"Akifa je? Hapo hajaharibika?"

Alinyamaza siku mbili. Ya tatu alipiga simu. "Lete hilo tangi lako."

Tulifanya hivyo wiki saba. Mpira wa tangi ulikuwa mfupi, kwa hiyo hori la maji tuliliweka hatua tatu tu kutoka kwenye gari lake. Wiki ya kwanza hawakusogea mpaka tuondoke. Wiki ya tatu walikuja tukiwa ndani ya gari. Kufika ya tano, Shemasi akisikia injini tu anashuka mlima na familia nzima nyuma yake, anakunywa huku sikio moja limetuelekea. Verlene alimpiga picha kupitia dirishani, ndevu zake zinadondosha maji, na ile picha mpaka leo imetundikwa maktaba. Siku hiyo alirudi akiimba. Nilifurahi kumwona hivyo, na nilijiona mwema sana.

Mvua zikaja, tukaacha. Tukadhani mambo yamekwisha. Miaka miwili iliyofuata Shemasi aliendelea kusimama akiiona ile pikapu, badala ya kukimbia kama wengine, na Verlene aliniambia kwa aibu kidogo, kama msichana, kwamba anafikiri farasi yule anampenda. Wazee walisema mazoea yana taabu. Mimi niliona ni kuchekesha tu.

Agosti ile ofisi ilibandika tangazo posta: farasi wamezidi majani, helikopta itakuja. Sikupinga, na mpaka leo sidanganyi kwamba nilipinga. Verlene naye hakupiga kelele. Alisafisha lenzi yake.

"Wengine watawapata," aliniambia. "Shemasi hawampati. Ana miaka kumi na sita, akili yake inakushinda wewe."

"Basi nitakwenda kumtazama akinishinda," nilisema.

Mtego wao unaufahamu ukiuona mara moja. Wanatandaza nyua mbili za magunia kwa maili nzima, mdomo ni mpana, mwisho ni mwembamba, na mwisho huo una zizi la chuma. Mdomoni anasimama mtu na farasi aliyefundishwa. Kundi likikaribia anamwachia, naye anakimbilia zizini kwa kuwa anajua kuna shayiri, na wale wa porini wenye hofu wanamfuata mwenzao. Wachunga ng'ombe wanamwita Yuda.

Watazamaji tulipangwa kilimani juu ya mdomo wa mtego. Magari yote yaliachwa nyuma ya kilima yasionekane. Msimamizi alikuwa Dwight Rusk, mtu mnene mpole, aliyepanda basi la Verlene darasa la kwanza mpaka la nane. Alimwona anavyoupanda mteremko, hatua mbili na kupumzika.

"Mama Verlene, utaniaibisha," alisema. "Leta gari lako huku juu. Ukae kwenye kiti chako."

"Na sheria yenu?"

"Sheria haina nyonga mbovu."

Akaileta pikapu yake. Hakuna aliyeona ubaya. Hata mimi nilisaidia kuweka jiwe chini ya gurudumu.

Saa nne asubuhi tulisikia helikopta kabla ya kuona vumbi. Ilikuwa familia ya Shemasi, saba, Tangawizi mbele, yeye nyuma anawasukuma. Walikuwa wanaelekea kaskazini, moja kwa moja kwenye lile pengo. Verlene alikuwa anapiga picha haraka haraka na kucheka chinichini. "Nenda, mzee. Nenda, nenda." Watu wawili nyuma yetu walianza kupiga makofi. Helikopta ilikuwa imeshachelewa. Tangawizi alikuwa amebakisha mita mia moja kuingia miambani.

Hapo Shemasi akasimama. Aligeuza kichwa, akatazama kilimani kwetu. Ukitoka pale alipokuwa, kitu kimoja tu kwenye kilima kile kilikuwa na rangi ya chungwa.

Akageuka. Alimkatiza Tangawizi mbele, akamgeuza kwa meno, akaigeuza familia yote, akaanza kuja. Alikuwa haji kwa hofu, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuja shingo imenyooka, kama mtu anayerudi nyumbani kwake. Helikopta ilikaa angani haina kazi.

"Hapana," Verlene alisema. Kamera ilikuwa mapajani. Alisema polepole, bila kupaza sauti, kama zamani kwenye basi. "Hapana, hapana, hapana."

Kutoka bondeni mpaka kwenye pikapu njia ilikuwa moja, katikati ya magunia. Yule Yuda wao aliachiwa, akakimbia mbele, lakini sidhani kama Shemasi alimwona. Waliingia wote saba. Lango likafungwa kwa sauti ambayo kila mtu kilimani aliisikia. Wenzake walikuwa wanajigonga kwenye vyuma. Yeye alisimama upande ulio karibu na kilima, povu linamtoka kifuani, anaitazama pikapu.

Nimeona ndugu wakishtakiana mahakamani. Nimemzika kaka yangu. Sijawahi kushtuka vile. Nikakaa chini juu ya mawe.

"Alikuwa na kiu, Mingo," Verlene alisema. "Alikuja kunywa maji."



Waliwapeleka mazizi makubwa yaliyo nje ya mji, madume huku, majike kule. Tangawizi na mtoto wake walipakiwa siku ya pili kwenda kutafutiwa watu wa kuwafuga. Madume ishirini walikuwa warudishwe porini siku ya Alhamisi. Verlene alimfuata Rusk mpaka mlangoni mwa ofisi yake ya turubai, nami nikiwa nyuma.

"Huyu hapana," Rusk alisema, na alionekana ameumia. "Mama Verlene, anakuja kwenye uzio. Anawafuata watu. Nikimrudisha huyu atakwenda kusimama barabarani akisubiri magari. Atagongwa, au atamuua mtu na mtoto wake."

"Kwa hiyo?"

"Atahasiwa, atangoja mtu wa kumchukua. Kwa umri wake hachukuliwi. Atakaa zizini."

"Mpaka lini?"

Rusk alitazama karatasi zake. Mimi nikasema, kwa kuwa lazima mtu aseme kitu, "Mchukue wewe, shemeji."

"Nimweke wapi? Kwenye kiuga changu, nyuma ya kamba ya nguo?" Hakuniangalia. Alimwambia Rusk, "Na akiogopa watu?"

"Farasi hajifunzi woga kwa siku nne."

"Mimi nilimfundisha asiogope kwa wiki saba, tena bila kutaka. Nipe hizo siku nne, Dwight."

Labda ni kwa sababu Rusk aliwahi kupanda basi lake. Alikubali. Wakamtenga Shemasi katika zizi lake peke yake, maji yakawekwa kona ya mbali.

Kesho yake nilimpelekea kahawa na mkate wenye nyama. Nilisikia kelele kabla sijafika, nikadhani mwanamke ameumia. Nikakimbia, na umri wangu huu. Nikamkuta Verlene ameiegesha ile pikapu ubavuni mwa zizi, ana fimbo ndefu iliyofungwa mfuko wa plastiki, ile wanayotumia kusukumia farasi, anapiga vyuma na kupiga makelele. Kelele zenyewe hazikuwa na maneno. Miaka arobaini namjua mtu huyu na sikujua kwamba ana sauti ile ndani. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Shemasi alikimbia mpaka uzio wa pili, akageuka, akatazama. Baada ya dakika chache akaanza kurudi kwenye gari, kichwa kimeinama, taratibu. Verlene akachota ndoo ya maji, akamngoja farasi afike kabisa na kunyoosha mdomo. Akammwagia usoni kwa nguvu zake zote.

"Shemeji," nilisema. "Basi. Inatosha."

"Hajaogopa. Ameshangaa tu."

Ilikuwa hivyo mchana kutwa. Akija, honi. Akija, fimbo. Akija, maji ya uso. Siku ya kwanza alirudi mara kumi na nne. Siku ya pili mara sita, lakini kila mara alikaa muda mrefu zaidi akimtazama, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko zile kumi na nne. Siku ya tatu alikuja mara moja tu. Alikuja mpaka akagusa mlango wa pikapu kwa midomo kupitia vyuma. Verlene akampiga puani kwa fimbo. Nilisikia mfupa. Farasi hakulia, alitikisa kichwa na kubaki palepale, kama anayefikiri amekosea yeye.

Akampiga tena.

Alirudi nyuma. Verlene akazunguka gari, akatapika chai na kila kitu. Nilimshika bega, akanitikisa.

"Chukua ile fimbo nyingine," aliniambia huku akijifuta.

"Mimi?"

"Maji yalitoka kwenye tangi la nani? Akikukuta wewe barabarani je? Simama pale."

Nikasimama. Nilipiga kelele mpaka koo likauma, mimi niliyewatukana farasi hao maisha yangu yote, na hakuna tusi langu lililowahi kunigharimu kama siku ile. Siku ya nne, tulipofika tu na pikapu, Shemasi alikimbilia kona ya mbali na kujibana huko, ngozi inatetemeka mgongoni. Verlene alizima injini.  Nilitaka kumwambia hongera, nikaona neno lenyewe halifai.

Alhamisi Rusk alitaka kuona kwa macho yake. Waliwashusha madume kwenye lori bondeni, na pikapu ya chungwa ilisimamishwa mbali kidogo mbele yao, Verlene amesimama kando yake mikono mitupu. Kumi na tisa waliondoka kama waliochomwa. Shemasi alishuka wa mwisho. Aliiona pikapu. Alisimama, masikio mbele. Rusk alikuwa na karatasi yake na kalamu.

Nilikuwa ndani ya gari, mkono kwenye honi. Verlene alisema bila kugeuka, "Usipige. Lazima hofu iwe yake mwenyewe."

Tulingoja. Kisha masikio yakalala nyuma, akageuka, akakimbia kaskazini peke yake, wala hakutazama nyuma. Rusk aliandika kitu. Kamera ilikuwa kitini karibu yangu, na Verlene hakuiomba.

Huu ni mwaka wa pili. Hapigi picha tena, kamera amempa binti wa Rusk. Lakini kila Jumapili tunakwenda. Nilimshauri auze ile pikapu, au japo aipake rangi nyingine, akaniambia ni lazima iwe hiyohiyo. Tunafika bondeni, anasimama mahali panapoonekana. Shemasi akituona, hata kama yuko maili mbili, anakimbia. Hana jike, hana mtoto, ni vumbi lake tu. Verlene anatazama mpaka vumbi litulie. "Bado anaogopa," anasema, na tunarudi kula.

Jumapili iliyopita hakukimbia. Kulikuwa na joto kali, tulimkuta chini ya mwamba, karibu, nikaweza kuona kola yake na nywele nyeupe zilizoota usoni. Aliinua kichwa, akatutazama. Nikahesabu moyoni mpaka thelathini. Akapiga hatua moja kuja.

Verlene alifungua mlango, akashuka, akaanza kumkimbilia. Ana miaka sabini na mbili na nyonga haimbebi, alikuwa anachechemea juu ya mawe, mikono juu, akipiga zile kelele za zizini. Alianguka, akainuka, akaendelea. Farasi alimngoja mpaka karibu kabisa, ndipo akageuka na kukimbia.

Alirudi garini magoti yanavuja damu. Nilimpa kitambaa. Alikaa akipumua, kisha akaniuliza kama nadhani leo imetosha, kama farasi hatarudi tena kumwamini.

Nikamwambia imetosha. Nilimdanganya, naye alijua. Akawasha gari.